Asiyejali Nini?

Msomaji kijana, wewe ambaye kila siku unafundishwa maneno mapya ya Kiingereza na kutakiwa uyatumie katika mitihani, nina habari ya kukupa juu ya neno moja nililolitumia vibaya. Herufi zake zote zilikuwa mahali pake, na hapana mkaguzi wa shule ambaye angelitia alama ya kosa. Walakini lilikuwa kosa kubwa kuliko makosa yote ya sarufi niliyopata kuyasahihisha katika madaftari ya wanafunzi wangu.

Nilikuwa mwalimu mchanga wa Kiingereza katika shule moja ya mwambao, kaskazini ya Mombasa. Katika kidato cha pili alikuwamo kijana mmoja aliyekaa nyuma kabisa, karibu na dirisha. Nilipofanya mzaha wenzake walicheka, yeye hakucheka. Nilipomkaripia, uso wake haukubadilika. Nilipomrudishia daftari lililojaa alama nyekundu, alilipokea kama mtu apokeaye chenji dukani, akalitia mkobani bila ya kulifunua. Siku moja mwenzao alifiwa na baba, na darasa likachanga fedha za rambirambi. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho, na wasichana wawili walilia. Kijana yule hakutoa senti wala hakutoa chozi. Alitazama nje ya dirisha mpaka kengele ikalia.

Siku ile nilimhukumu. Mwisho wa muhula ulipofika, katika ripoti yake, mahali pa maoni ya mwalimu, niliandika neno moja tu: 'indifferent'. Nakiri kwamba neno lile lilinipendeza. Lilikuwa fupi, lilikuwa la kisomi, na lilinipunguzia kazi ya kueleza.

Wiki ya kwanza ya muhula uliofuata alikuja shuleni bibi mmoja aliyejitanda leso. Ripoti alikuwa ameishika mkononi, imekunjwa mara nne. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, akaketi kwenye benchi, akaikunjua ile karatasi juu ya magoti. "Mimi Kiingereza sikukisoma. Nimemwuliza mjukuu wangu maana ya neno hili, hakunijibu. Mtoto wa jirani ameniambia ni mtu asiyejali. Ni kweli?"

"Ni kweli, Bibi. Ni mtu asiyejali."

"Asiyejali nini?"

Nilifungua kinywa, kisha nikakifunga. Katika lugha yetu kujali ni kitendo, na kitendo hiki hutaka kitu cha kujaliwa. Mtu hujali kazi, hujali wazazi, hujali afya yake. Ukisema tu kwamba fulani hajali, msikilizaji hungoja umalize. Kiingereza nacho kina njia ya kukitaja kitu hicho, lakini huliruhusu pia neno lile lisimame peke yake, kama karatasi iliyobandikwa juu ya chupa ya dawa, likamweleza mtu mzima tangu utosi mpaka unyayo. Mimi nilikuwa nimebandika karatasi bila ya kujua kilichomo ndani ya chupa. Swali la bibi lilikuwa la sarufi, naye hakujua kama ni la sarufi. Na mimi, mwalimu wa lugha, sikuwa na jibu.

Bibi hakungoja jibu langu. Alinieleza kwamba mama yake kijana alipatwa na kiharusi mwaka uliotangulia, upande mmoja wa mwili wake ukapooza. Kijana huamka kabla ya adhana ya alfajiri. Humgeuza mama yake kitandani ili asipate vidonda, humwosha uso, humlisha uji kwa kijiko, kisha huja shule kwa miguu. Usiku huamka tena mara mbili kumgeuza. "Siku za mwanzo alikuwa akilia," bibi alisema. "Siku moja mama yake akamwona analia, naye akalia, na uji ukampalia, nusura tumpoteze. Tangu siku hiyo mjukuu wangu hakulia tena mbele ya mtu."

Aliinuka, akaikunja ripoti kama ilivyokuwa, akanishukuru kwa kumfundisha mjukuu wake. Hakunilaumu hata kidogo. Shukurani yake ilinichoma kuliko lawama.

Usiku ule, nyumbani kwangu, nilifungua kamusi kubwa ya Kiingereza, ile ielezayo asili za maneno, nikaanza kuyatafuta yote ambayo Waingereza huyatumia kwa mtu asiyeonyesha huruma, furaha wala huzuni. Nilidhani yote ni ndugu wa tumbo moja. Nikaona kwamba kila moja limezaliwa mahali pake, na kila moja lina kisa chake. Nitakutajia machache, kwa kuwa utayakuta vitabuni, na kwa kuwa huenda siku moja ukataka kumpa mtu mojawapo.

Nilianza na lile lile nililoliandika. 'Indifferent' lilitoka katika Kilatini, na asili yake ni kutotofautisha. Zamani katika Kiingereza lilikuwa na maana njema: lilikuwa sifa ya hakimu asiyempendelea tajiri wala maskini. Kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1662 kinalitumia kwa maana hiyo, katika maombi ya kuwaombea wenye mamlaka watoe hukumu ya haki. Kisha, kwa muda mrefu, maana yake iligeuka. Aliyekuwa hatofautishi kati ya wagombanao wawili akawa ni yule asiyetofautisha kati ya furaha na maumivu ya wenziwe. Sifa ile ya hakimu sasa ina neno jingine, 'disinterested', ambalo wanafunzi wengi hulichanganya na 'uninterested'. Wa kwanza hana faida yake mwenyewe katika jambo, naye ndiye tumtakaye awe mwamuzi wa mchezo. Wa pili ni mtu ambaye jambo lenyewe halimvutii; huyo tukimpa filimbi atasinzia uwanjani.

Nikaja kwenye neno 'apathy'. Hili ni la Kiyunani, na maana yake ya asili ni kutokuwa na maumivu au misukosuko ya moyo. Yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, Zeno, mtu wa Citium katika kisiwa cha Kupro, alifundisha hekima mjini Athens katika ukumbi wenye michoro, mahali ambapo sisi tungepaita baraza. Kutokana na ukumbi ule wanafunzi wake waliitwa Wastoa, na kutoka kwao Kiingereza kikapata neno 'stoic', yaani mtu avumiliaye bila ya kunung'unika. Kwa watu wale wa baraza, hali ile ya moyo ilikuwa daraja ya juu ya uungwana: hasira isimtawale mtu, wala hofu, wala tamaa. Haikuwa chuki kwa watu, maana walifundisha kwamba wanadamu wote ni raia wa mji mmoja. Mmoja wa wakubwa wao, Epictetus, alikuwa mtumwa kabla ya kuachwa huru, na bila shaka alijua uvumilivu ni kitu gani. Leo neno hilo ni lawama. Lilipanda heshima katika lugha moja, likashuka katika nyingine.

Neno la tatu ni 'callous', liitwalo juu ya mtu mwenye moyo mgumu. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya ngozi iliyokomaa, ile ambayo sisi huiita sugu. Kilatini na Kiswahili havikushauriana, lakini viliona jambo moja, kwa kuwa nasi husema fulani ni mtu sugu. Tazama basi viganja vya mkulima ashikaye jembe, au vya mvuvi avutaye kamba. Hapana mtoto azaliwaye na sugu. Kila sugu inashuhudia kwamba mahali pale palisuguliwa mpaka pakachubuka, na mwili ukajikinga kwa namna uliyoiweza. Anayeiona sugu tu ameona mwisho wa habari, hajaona mwanzo wake.

Lipo neno 'numb', yaani aliyekufa ganzi. Hili ni la Kiingereza cha kale, nalo limetoka katika kitenzi chenye maana ya kutwaa. Mwenye ganzi ni aliyetwaliwa. Sisi nasi husema mguu umeshikwa na ganzi, kana kwamba ganzi ina mikono. Mguu ulioshikwa haukatai kwenda, hauwezi.

Lipo na neno 'aloof', la mtu ajitengaye na wenziwe. Hili lilitoka baharini. Kwanza lilihusu upande wa chombo utokako upepo, ambao mabaharia wetu huuita joshi. Nahodha akiona upepo unamsukuma kwenye miamba ya pwani, huelekeza omo upande wa joshi ili apate nafasi ya kujiokoa. Wewe uliyesimama ufukoni waweza kusema, "Tazama chombo kile kinavyojivuna, hakitaki kutukaribia." Lakini chombo hakikuchukii, kinaogopa kuvunjika.

Lipo na neno 'phlegmatic', la mtu mzito asiyesisimka upesi. Waganga wa Kiyunani wa kale waliamini kwamba mwilini mna majimaji manne: damu, nyongo ya manjano, nyongo nyeusi na belghamu. Galen, mganga aliyezaliwa Pergamon katika karne ya pili baada ya Kristo, aliieneza elimu hiyo kwa vitabu vingi. Aliyezidiwa na belghamu alidhaniwa kuwa mtulivu na mzito wa kukasirika. Elimu ile imekwisha kukanushwa, lakini neno limebaki. Hata belghamu yetu, tuliyoipokea kwa Waarabu, nao kwa Wayunani, ni jamaa wa neno hilo la Kiingereza.

Mwisho nilitazama maneno ya baridi. Waingereza husema mtu ni wa baridi, au moyo wake ni wa baridi, au hata damu yake ni ya baridi, wakitaka kumtoa katika utu. Neno 'nonchalant', walilolichukua kwa Wafaransa, lina asili iyo hiyo: ni mtu asiye na joto. Watu wa nchi ya theluji walifanya joto kuwa alama ya upendo. Sisi wa nchi ya jua kali tulikwenda njia nyingine. Neno letu burudani na neno letu baridi yametoka katika shina moja la Kiarabu. Anayeburudika ni aliyepata ubaridi baada ya joto. Mwenye uchungu ukimliwaza, moyo wake hupoa. Kwa hiyo hata baridi, ambayo kwa wengine ni dalili ya ukatili, kwa wengine ni dawa. Lau ningalimwuliza kijana yule alitaka nini, pengine angalijibu kwamba alitaka kupoa.

Nilipofunga kamusi niliona jambo ambalo nakuomba ulishike. Maneno haya yote huonekana kama majina ya kasoro, lakini yafungue nawe utakuta ndani ya mengi sababu: hapa ngozi iliyosuguliwa, hapa kiungo kilichoshikwa, hapa chombo kikimbiacho mwamba. Kijana wangu alikuwa na sugu, alikuwa na ganzi, na alikuwa amegeuza omo upande wa joshi. Nililoliandika mimi silo alilokuwa nalo.

Labda utaniambia kwamba kosa la mwalimu mmoja juu ya mwanafunzi mmoja ni dogo. Basi nikupe mfano wa mtaa mzima uliopewa neno. Tarehe 13 Machi mwaka 1964, katika mtaa wa Kew Gardens mjini New York, mwanamke kijana aitwaye Kitty Genovese alishambuliwa kwa kisu usiku, akafa. Wiki mbili baadaye gazeti kubwa la mji ule liliandika kwamba watu 38 walitazama kwa zaidi ya nusu saa wasimsaidie. Dunia ilishtuka, na neno 'apathy' likatajwa kila mahali: watu wa miji mikubwa wamekufa mioyo. Lakini habari ile haikuwa sahihi. Wengi wa majirani waliona au kusikia sehemu ndogo tu; mtu mmoja alipiga kelele dirishani, na mshambuliaji akakimbia kwa muda; na mwanamke mmoja jirani alishuka, akampakata Kitty katika dakika zake za mwisho. Mwaka 2016 gazeti lile lile lilikiri kwamba habari yake ya zamani ilikuwa na makosa.

Wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, John Darley na Bibb Latané, hawakutosheka na neno lile. Mwaka 1968 walitangaza matokeo ya jaribio lao. Wanafunzi wa chuo kikuu waliwekwa kila mmoja katika chumba chake, wakazungumza na wenzao kwa vipaza sauti. Ghafula ikasikika sauti ya mmoja wao kama mtu ashikwaye na kifafa, ijapokuwa sauti ile ilikuwa imetayarishwa. Waliodhani kwamba wao peke yao ndio waisikiao, 85 katika kila 100 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Waliodhani kwamba wako wengine wanne waisikiao pia, ni 31 tu katika kila 100. Je, hao wasiotoka walikuwa hawana moyo? Wataalamu walipoingia vyumbani mwao waliwakuta wengi wanatetemeka mikono, viganja vimelowa jasho, wakiuliza kama yule mgonjwa yu mzima. Hawakukosa huruma. Kila mmoja alidhani kwamba mwingine amekwisha kwenda.

Soma habari hiyo mara mbili, msomaji, kwa kuwa inakuhusu wewe na darasa lako. Siku ya mchango wa rambirambi tulikuwa wengi darasani, na mwalimu alikuwa mmoja. Hapana hata mmoja wetu aliyemwuliza kijana wa dirishani ana nini. Kila mmoja alidhani kwamba mwingine anajua. Kama mgeni angaliingia siku ile akatafuta wa kumpa neno nililoliandika, angaliweza kulibandika juu yetu sote, akianza na mimi.

Sisemi kwamba wasiojali hawapo duniani. Wapo, na ni lazima waitwe kwa jina lao. Yuko aonaye mwenziwe akidhulumiwa, ana uwezo wa kuzuia, haogopi, hakuchoka, ila hataki kujisumbua. Elie Wiesel, aliyenusurika katika kambi za mauaji za Wanazi na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1986, alitoa hotuba katika ikulu ya Marekani mwezi wa Aprili mwaka 1999 juu ya hatari ya kutojali, na alikuwa na haki ya kusema, kwa kuwa aliona mwenyewe kutojali kwa mataifa kulivyoacha watu wafe. Dawa ina nguvu, ndiyo sababu haitolewi kwa mgonjwa asiyepimwa. Na maneno haya nayo yana nguvu. Ukiyatumia kwa kila mtu aliyenyamaza, siku utakapomkuta katili wa kweli hutakuwa na neno la kumwita.

Kesho yake nilimwita kijana chini ya mwarobaini uliokuwa uani. Nilikumbuka kwamba Kiingereza kina neno moja, 'sorry', litumikalo na aliyekosa na pia na amhurumiaye mwenziwe. Kiswahili huyatenga mambo hayo mawili. "Nisamehe" hukiri kosa. "Pole" hushiriki mzigo, nasi humwambia hata mtu tusiyemjua anapojikwaa njiani. Mimi nilikuwa na deni la yote mawili.

"Nisamehe kwa neno nililoliandika," nilimwambia. "Na pole kwa mama."

Alitazama chini kwa muda. "Nishapoa, mwalimu," akajibu. Kisha akaniuliza kama ninaweza kumpa kazi ya nyumbani mapema, aifanye saa ya chakula cha mchana, kwa kuwa usiku hapati nafasi. Tangu siku ile nilimpa. Ripoti nayo niliiandika upya. Neno moja halikutosha, nikaandika sentensi mbili: kwamba ana kazi kubwa ya nyumbani aifanyayo kwa uaminifu, na kwamba walimu tumsaidie apate wakati wa kusoma. Bibi yake alitafsiriwa, na safari hii hakuwa na swali la kuniuliza.

Basi, msomaji, jifunze maneno haya yote ya Kiingereza. Ni mali, na mtihani utayataka. Lakini kabla hujampa mtu mojawapo, uliza kwanza kama alivyouliza bibi yule: asiyejali nini? Kama huna jibu, ujue kwamba hujamjua mtu huyo, na iliyobaki ni kazi yako. Mwendee ukamwulize.